Trela Anakodi Gari Ng'ambo

Nje ya duka la vipuri la Gelle, hapa Bondeni mjini Nakuru, pana benchi ambalo halijawahi kukosa wataalamu. Sufyan mchuuzi akishatua birika lake la kahawa tu, matatizo ya dunia huanza kutatuliwa. Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Muiruri, anayeitwa Trela kwa sababu aliendesha trela hadi Kampala mpaka mvi zikamwota. Bintiye Natasha, muuguzi huko Ayalandi, alikuwa anangoja kufanyiwa upasuaji, na anamlea mtoto peke yake. Trela angepanda ndege, akodi gari uwanjani, halafu awe ndiye wa kumpeleka mjukuu chekechea na kumrudisha hadi mama apone. Natasha alimwomba jambo moja: "Baba, tafuta kampuni ya kuaminika. Mimi nitakuwa kitandani." Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa. Hata mteremko wa Salgaa, kaburi la malori, haukuwahi kumtisha hivi.

— Nimeangalia hizi kampuni kwa simu mpaka macho inauma, akasema. Zote ziko na gari safi na msichana anacheka. Sasa nitajuaje mwizi ni gani?

Gelle akajibu kwanza. Benchi humwita Balozi, kwa kuwa aliwahi kulala Dubai.

— Angalia ofisi. Kama iko ndani ya airport, hiyo ni kampuni. Kama inakuambia ungoje kigari ikuje ikuchukue huko nje, toroka.

— Ofisi si shida, shida ni bima, akadakia Micah. Huyu ndiye Wakili. Sheria hajasoma, ila kesi yake ya shamba ilimkalisha kortini zaidi ya hakimu mwenyewe. Ukirudisha gari na mkwaruzo, akaendelea, wanakukata pesa. Piga picha gari yote kabla uondoke, mpaka uvunguni.

Trela akajisikia nafuu kidogo. Wakili angeishia hapo, leo angekuwa mtu wa maana. Hakuishia hapo.

— Na wako na mtu wao. Kazi yake ni kutembea na msumari. Ukiingia duka kununua maziwa, anakuja, krrr, anaenda zake.

— Msumari ilikuwa ya kitambo, akasema Balozi. Siku hizi gari yenyewe inaripoti. Iko na sikio ndani. Ukiisema vibaya kwa Kikuyu, inatafsiri, inapelekea mwenyewe.

— Ai! Sasa mtoto nitamwongelesha na lugha gani?

— Nyamaza tu. Endesha kama uko matangani.

Sufyan akajaza vikombe taratibu.

— Mimi nilikodi gari mara moja, ya harusi. Bima sikuuliza. Nilikuwa najua mama ya mwenye gari.

Benchi likatikisa kichwa kwa heshima. Huo ndio ukweli wa hapa kwetu: gari halikodiwi kwa kampuni, hukodiwa kwa mtoto wa mtu fulani. Mkikosana, unajua mlango wa kubisha.

— Basi tupigie kampuni moja, akaamua Balozi. Watuambie mwenye kampuni ni wa wapi, na mama yake ni nani.

Trela akapiga, akaweka simu kwa spika. Upande wa pili kinanda kikaanza kulia. Kikalia, kikalia, kahawa ikapoa.

— Sikia hiyo muziki, akasema Wakili. Mwizi hawezi kukuwekea muziki. Mwizi anashika simu mara moja.

— Kabisa! akasema Balozi. Vile wamekawia, hawa ni waaminifu sana.

Trela alitaka kucheka, akashindwa. Aliogopa kumwangusha mtoto wake katika jambo pekee alilomwomba.

Ndipo akafika Jackie, dereva wa teksi, akitafuta waipa ya kioo cha gari lake.

— Niaje wazee. Nani anasafiri?

— Trela. Anaenda Ayalandi kubeba mjukuu wake na gari ya kukodi.

— Poa. Mtoto ni mkubwa aje?

— Hiyo ni ya nini? akauliza Wakili.

— Huko mtoto hapakatwi. Anafungwa kwa kiti yake, na hiyo kiti inaenda na kilo na urefu. Kuna wageni wa Ziwa Elmenteita walikataa kuingia gari yangu juu ya kukosa hiyo kiti. Mzee, kampuni yenye haina kiti ya kumtosha, achana nayo, hata kama ni ya malaika. Sasa ako mkubwa aje?

Trela akanyoosha kiganja usawa wa goti. Akakipandisha kidogo, akakishusha tena. Mjukuu huyo, Mugure, alipewa jina la marehemu mke wa Trela, na babu alimjua vizuri: meno yake, pua yake, namna anavyobusu kioo cha simu. Lakini simu ilikuwa imemwonyesha uso tu, miaka yote hiyo. Balozi akawa anachungulia kikombe chake.

Sauti ya mwanamke ikaingia kwenye simu, ikiomba radhi kwa kuchelewa. Trela akaikata, akampigia Natasha.

— Baba? Umepata gari?

— Bado. Tasha, mwambie Mugure asimame hapo kando yako. Ningekuwa hapo, angenifikia wapi?

Natasha akamwita mtoto, akamsimamisha kando yake.

— Kwa kiuno, Baba.

Trela akasimama, akaweka kiganja kiunoni, akakiacha hapo.