Hima ya Ghuba ya Matete, Kibara

Mgeni rasmi, wewe ni wa tatu katika cheo chako kusomewa risala hii. Tumebadilisha tarehe, na safari hii msomaji. Hata hivyo karibu Kibara, karibu sana.

HISTORIA
Sisi ni wavuvi na wakulima thelathini na mmoja, wengi wetu Wakristo. Wazo hili tulipewa na mwenzetu Ustadhi Mayala, mchuuzi wa dagaa, wakati sato walipoadimika tukabaki kulaumiana. Alitueleza kwamba Mtume Muhammad alitenga eneo kuzunguka Madina, miti isikatwe wala wanyama wasiwindwe, na kwamba malisho yaliyohifadhiwa yaliitwa hima. Khalifa Umar alipomweka mlinzi wa hima, alimwagiza amruhusu mwenye mifugo michache na awazuie matajiri. Tukapiga makofi. Tukaitenga ghuba ya matete, wanakozalia sato.

MAFANIKIO
Kwa miaka miwili sato walirudi, tena wa kujaza sufuria.

CHANGAMOTO
Kosa la kwanza ni letu. Tuliweka kibao chenye neno moja kwa rangi nyekundu: HIMA. Watu wa makokoro wakaja na boti za injini, wakazoa hadi vifaranga. Tulipowauliza, mmoja akajibu, "Si mmeandika wenyewe hima? Sisi kibao tunasomaga, tukawahi."

Mgeni rasmi, tulicheka, halafu tukachoka. Tuliongeza USIVUE HAPA, wakang'oa kibao. Mwezi Julai walimgonga katibu wetu Debora akilinda ghuba kwa mtumbwi wa kasia. Mkono wake wa kulia haujanyooka mpaka leo. Na siku hizi tunayemudu kumkamata kwenye matete ni mwenye ndoano moja. Umar aliagiza kinyume chake.

MAOMBI
Yalikuwa saba. Boti ya doria tumefuta, makoti ya kuokolea tumefuta, na mengine manne. Limebaki moja. Sheria ndogo ya kuilinda ghuba hii iko ofisini kwako mwaka wa tatu, inasubiri sahihi. Tumekuja na nakala. Kalamu anayo Debora, ameishika kwa mkono ule mzima.

Tunajua Bunda ni mbali na dereva ameshawasha gari. Tunakuomba, hima, utupe hima.

Mungu aliyeliumba ziwa hili, tunayemwomba kanisani na Ustadhi msikitini, akufikishe salama.

Ni sisi, Walinzi wa Ghuba ya Matete, Kibara.

Imesomwa na Masatu, mume wa Debora.