Betri za Mashua ya Seremala

Benchi la mbele ya kibanda changu cha kahawa lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia wanajua kila kitu isipokuwa saa ya kuondoka. Asubuhi hiyo walikuwa watatu: Seremala, aliyeunda mashua yake ya tanga kwa mikono yake mwenyewe, Chaji, fundi simu, na Breki, dereva wa lori, ambaye saa nne alikuwa anaondoka kwenda mjini. Breki alitakiwa arudi na betri za mota ya umeme aliyonunua Seremala, ili upepo ukikatika isukume mashua. Betri gani sasa? Hapo ndipo palipokuwa na kazi, na haikuwa mchezo. Binti wa Seremala yuko ng'ambo ya maji, mimba ya miezi minane, na zahanati iko huku kwetu. Mara ya mwisho alipovushwa kuja kupimwa, upepo ulikatika katikati ya maji, wakabaki kutazamana.

BREKI: Mzee, usijisumbue. Nakuletea betri mbili za lori. Zile ukiwasha tu, mtaa mzima unaamka.

SEREMALA: Sitaki kuamsha mtu. Nataka kusukuma polepole, muda mrefu.

CHAJI: Umemsikia? Betri ya lori ni ya kushtua injini. Ukiinyonya mpaka mwisho kila safari, miezi michache tu imekufa. Hapa ni lithiamu.

BREKI: Lithiamu kama ile iliyovimba kwenye simu ya mke wangu?

CHAJI: Shemeji aliiweka juu ya jiko! Tena mzee, huna haja ya kununua. Nina betri za simu kuukuu kama mia nne. Naziunga mojamoja, nazifunga kwenye gunia, kwisha.

Nikaliweka birika chini.

— Chaji, kaka yangu, simu yangu uliiunga wewe, na mpaka leo nikisema haloo inazima.

BREKI: Basi za lori sita! Tunazipakia kwenye mtumbwi wa mzee, mtumbwi tunaufunga nyuma, mashua inauvuta.

SEREMALA: Na mtumbwi ukiwa mzito?

BREKI: Unaongeza betri.

CHAJI: Sikilizeni. Feni kwenye mlingoti. Feni inachaji betri, betri inazungusha feni, feni inapuliza tanga. Upepo wa nini tena?

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Seremala hakucheka. Kikombe kilikuwa kimepoa mikononi mwake, hajanywa hata funda moja, nikamwonea huruma.

SEREMALA: Jamani, mwanangu si wa kufanyiwa majaribio.

Pembeni alikuwa amesimama dada mmoja na mkoba wa vifaa, fundi umeme aliyekuja kurekebisha nyaya za zahanati. Alikuwa anasubiri kahawa yake, na alishasikia yote.

— Samahani, wazee wangu. Mota yenyewe inataka volti ngapi?

Breki akamtazama Chaji. Chaji akamtazama Seremala. Seremala akatazama viatu vyake.

SEREMALA: Iko kwenye boksi, chini ya kitanda. Sijaifungua.

— Tangu lini?

SEREMALA: Wiki tatu. Kazi yangu ndivyo ilivyo, binti. Sitoi bawaba kwenye pakiti mlango haujasimama. Zinapotea.

Wiki tatu! Wiki tatu nawachemshia maji wanaume hawa! Nikamwambia ainuke, na akaondoka kama anakimbia, akarudi na boksi begani. Breki akachana utepe wa gundi kwa ufunguo wa lori, na yule dada akaisoma karatasi ya ndani taratibu.

— Volti arobaini na nane. Kwa mwendo wa kawaida inakula ampea ishirini. Upepo ukikatika, mnakaa muda gani?

SEREMALA: Siku ile masaa mawili na nusu. Nilihesabu. Mwanangu kajishika tumbo, mimi na kasia, mashua haisogei. Nililia, nisiwadanganye.

— Basi tuhesabu masaa manne, baba. Ishirini mara nne, themanini. Chukua lithiamu nne za volti kumi na mbili, ampea-saa mia kila moja, na chaja yake. Dukani dereva aulize kama zinakubali kuungwa kwa mfululizo, zifike arobaini na nane. Za asidi, kama za lori, zingekuwa mara mbili, maana ukizinyonya kupita nusu unaziua. Na uzito wake, abiria angekaa wapi?

CHAJI: Si nilisema lithiamu?

— Ulisema gunia, nikamkumbusha.

Seremala akachana kipande cha boksi, akaandika yote kwa penseli, akamsomea Breki mara mbili. Breki, mtu wa utani siku zote, akakitia mfukoni na kufunga kifungo.

BREKI: Kesho jioni, mzee.

Lori likaondoka. Seremala akaomba kahawa ya moto, akampigia simu binti yake ng'ambo.

— Haloo, mama. Panga nguo zako na za mtoto. Jumapili nakufuata. Upepo ukitaka, uje. Usipotaka, ukae hukohuko.