Lorna Stuckey na Foleni ya Choo cha Wanawake

Mwenzetu Lorna Stuckey anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, baada ya kufanya kazi kwa miaka thelathini na moja katika Maktaba ya Rais Orville Hadfield, ambayo kwa kweli ni makumbusho yake. Rais mwenyewe alikaa madarakani miaka minne tu, kwa hiyo Lorna amelitumikia jina hilo kwa muda mrefu kuliko mwenye jina.

Alianzia dukani, akiuza vikombe vyenye sura ya Rais, kisha akahamia kuongoza wageni. Wakiuliza vitabu viko wapi, huwaambia bila hata kutabasamu kwamba Rais alivisoma vikaisha.

Hapa kwetu Kansas, Rais Hadfield ni sanamu ya shaba, mrefu kuliko alivyowahi kuwa. Hata meza ya ofisi yake ya mfano ni pana kuliko ile halisi, kwa hisani ya mfadhili. Kitu kimoja tu kiligoma kung'arishwa: muswada wa kuwaokoa wakulima, alioukataa kwa saini yake, mashamba ya huku yakapigwa mnada. Watunza kumbukumbu wa serikali walidai ubao wa habari hiyo uwepo. Wakfu wa familia, wanaolipia taa na keki, wakakubali, wakautundika kwenye ujia wa chooni.

Lorna hakulalamika. Alianza kufunga kila ziara kwa tangazo: "Basi halina choo, jamani. Nendeni sasa." Foleni ya wanawake mnaijua. Walisoma ubao mpaka nukta ya mwisho.

Mwezi Machi alikuja Bi. Meredith Hadfield, binti wa Rais na mwenyekiti wa Wakfu, kuagiza ubao uondolewe. Lakini alikuwa amekunywa kahawa yetu, na muda si mrefu akajikuta kwenye foleni, Lorna nyuma yake, mimi nyuma ya Lorna. Alitazama picha ya mnada: mwanamume ameshika kofia, na msichana ameshika kamba ya ndama.

"Baba alisema hawa watu walijikwamua baadaye," alisema.

"Labda wengine," Lorna akajibu. "Huyo mwenye kofia ni baba yangu. Ndama alikuwa wangu, naye aliuzwa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka yote hiyo tulidhani Lorna anajali vibofu vya watu tu. Foleni ilisogea, Bi. Meredith hakusogea.

Ubao umebaki. Mstaafu hapa hupewa nakala ya kalamu ya Rais, ile ya kutilia saini. Lorna ameomba yake ipachikwe kwenye ubao, chini ya ndama. Bi. Meredith amesema ataipachika mwenyewe.

Sherehe ni saa sita mchana, kila mtu alete chakula cha kula pamoja. Russ wa ulinzi, tafadhali, usilete ile saladi ya jeli. Lorna, asante kwa kila ziara. Tutakukosa sana. Uishi vizuri, ulale mpaka jua lipande, na ukija kututembelea, njia ya chooni unaijua.