Nyamu wa Betri na Ukuta wa Kanisa

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma mimi shemeji, dereva wa malori niliyefika Juba na Bujumbura nikarudi na kitambi tu, niwasimulie maisha ya mtu aliyekaa hapa Makutano, Meru, na bado akanipita.

Ezra Nyamu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Runyenjes, Embu, akasoma hapo nyumbani hadi darasa la saba mwaka 1975, na mwaka 1979 akaja Meru kujifunza kuchaji na kufufua betri za magari, kazi iliyompa jina na unga. Tarehe 6 Desemba 1986 alimuoa dada yangu Kananu wa Mikinduri, wakajaliwa Gatwiri na Mugambi.

Kibanda chake kilikuwa kwenye ploti ya kanisa, na mwaka 2009 kamati ikajenga ukuta upande wa barabara ili wageni wasione uchafu, mvuke wa asidi ukakosa pa kutokea. Pole pole meno ya mbele ya Nyamu na mafundi wenzake wa kibandani yakalika, yakabaki mafupi kama ya mtoto, na Nyamu alipopendekezwa awe mzee wa kanisa mwaka 2014, kamati ikalisimamisha jina lake, ikisema hayo ni meno ya kutafuna miraa kwa siri, yeye aliyetuletea kitita cha miraa cha mahari kama desturi inavyodai na asionje hata kijiti.

Daktari wa meno kule Embu alimuuliza anafanya kazi gani, kisha daktari akamweleza kwamba ni asidi ya betri iliyokula meno. Nyamu angeweza kwenda peke yake kusafisha jina, lakini aliingia mbele ya kamati akiwa na mafundi wote, Kasim Mwislamu akiwa wa kwanza kufungua mdomo, wazee wakachungulia mmoja mmoja kama wanaonunua ng'ombe. Kisha akasema, "Uzee mnaweza kuninyima, huo ukuta ndio nawaomba mbomoe."

Ukabomolewa mwezi huohuo. Uzee ulimfikia baada ya miaka miwili.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2025, akatuacha tarehe 9 Juni, hospitalini Meru, Kananu akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, kanisa, na mafundi wenzake waliobeba jeneza leo, akiwemo Mukiri, aliyeanza kazi baada ya ukuta kuondoka, na ambaye ana meno yake yote.

Nyamu wetu, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani.