Bi Shagitu Aliyemwaga Unga wa Harusi

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu haijatulia. Mnivumilie. Bi Shagitu Dhaba amefariki. Narudia, kwa mlio mbali na redio: Bi Shagitu Dhaba, jirani yetu hapa Arsi, amefariki Jumapili asubuhi. Hata sasa siamini ninachokisema.

Wengi mlimjua kwa jiwe lake la kusagia. Mashine ya kusaga ilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, lakini yeye alipiga magoti na kusaga ngano yake mwenyewe. Binti yake, Hawwi, aliona haya. Ameniambia, "Nilikuwa namwambia, mama, watu watadhani tumefukarika! Ananijibu, wewe kula, kelele za nini?"

Jumamosi ilikuwa harusi kwa jirani yake, Tufaa. Tufaa alikuwa akimwoza binti yake. Ngano ya mikate aliinunua sokoni, kwa mchuuzi mpitaji, akaisaga mashineni. Bi Shagitu naye alinunua kwa mchuuzi huyohuyo.

Asubuhi ile alipeta yake, akaanza kusaga. Kwenye mkunjo wa katikati ya punje akaona wekundu. Vumbi la unga likamchoma puani. Ilikuwa ngano ya mbegu, wasikilizaji, iliyotiwa dawa ya wadudu kisha ikaoshwa ili rangi nyekundu ya onyo itoke. Sumu.

Alikimbia peku hadi harusini. Akapindua beseni la kwanza la unga uliokandwa. Akapindua la pili.

"Msile! Msile jamani!"

"Wewe mama, umerukwa na akili?" Tufaa akafoka. "Au ni wivu, kwa kuwa bintiyo bado yuko nyumbani?"

Watu wakacheka. Nilikuwa miongoni mwa waalikwa pale. Nami nilicheka.

Akashika beseni la tatu. Tufaa akamsukuma. Bi Shagitu akaanguka, kichwa kikagonga jiwe la jikoni. Beseni likaanguka naye.

Tulikuwa bado tunambeba kumpeleka zahanati, mtoto mmoja alipopiga ukelele. Kuku waliodonoa ule unga walikuwa chini, miguu imekakamaa. Kumi na mmoja. Mama wa bwana harusi akautemea mate mkate wa kwanza kuokwa, ambao hata hakuwa ameuonja.

Wageni zaidi ya mia mbili, na hakuna aliyekula. Bi Shagitu hakuamka tena.

Tufaa alijipeleka polisi mwenyewe. Kabla ya hapo alipita hapa studioni, unga ungali mikononi. "Waambie watu ni mimi," alisema. "Usinifichie."

Hawwi, dada yangu, pole sana. Poleni ndugu wote wa marehemu. Mungu amrehemu.

Wasikilizaji, mchuuzi bado hajapatikana. Mwenye ngano ile asiile, wala asimpe hata kuku. Na mtu akija kwako mbio, anahema, anapiga kelele, muulize kwanza ameona nini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa, na sikumuuliza.