Tokashiki na Nuksi Yake

Nje ya ukumbi wa mpira wa kikapu wa Mji wa Okinawa kuna benchi moja, ubavuni mwa mashine inayouza kahawa ya makopo. Japani ikicheza, wazee watatu wapo hapo. Wa kwanza ni Refa, kinyozi mstaafu, hakuna kosa la mtu linalompita. Wa pili ni Kamusi, zamani aliuza viatu, na hakuna jambo asilolieleza. Wa tatu ni Tokashiki, na huyo wanamwita Taulo. Shingoni ana taulo la Maeshiro Jun, namba ishirini na nne. Mwilini jezi ya Maeshiro, na kifuani beji za Maeshiro, akitembea zinagongana kama masufuria. Leo Maeshiro anaiaga timu ya taifa. Mchezo umeshaanza, tiketi iko mfukoni, na Taulo yuko nje.

— Ingia basi, Kamusi alisema.

— Siingii. Niliingia mara mbili, tukafungwa zote mbili. Nina nuksi.

— Na ukikaa nje?

— Tunashinda.

— Acha uongo, Refa alidakia. Mwezi jana ulikaa hapahapa, na tulifungwa.

— Nilichungulia.

Refa alikunywa kahawa, akalitazama lile taulo.

— Nuksi iko humo. Lifue. Nuksi nayo, haba na haba hujaza kibaba.

— Halifuliwi, lina saini. Binamu yangu alipanga foleni toka alfajiri kuniletea saini hii.

— Wala si taulo, Kamusi alisema. Ni uzito. Mtu mwenye beji zote hizo akikaa upande mmoja, ukumbi unainama kidogo. Wewe huoni, lakini mpira wa pointi tatu unaona.

— Basi akae katikati.

— Katikati ndiko wanakochezea, bwana!

— Mimi naona ni mapenzi, Refa alisema. Maeshiro anajua kuna mtu humo ndani anampenda kupita kiasi, mkono unamtetemeka. Mke wangu alikuwa akinitazama nikinyoa, masikio ya wateja yakawa hatarini.

— Ndiyo maana fimbo ya mbali haiui nyoka, Kamusi alimalizia. Kaa mbali, usituulie timu.

Taulo alitikisa kichwa kukubali, lakini roho ilikuwa inamuuma. Kesho hakutakuwa na Maeshiro wa kumkalia nje. Ndani watu walipiga kelele, naye akashika tiketi mfukoni kama mtu anayeshika jino bovu.

Hapo akatokea binti mmoja anahema, anaburuta sanduku la magurudumu. Jezi yake ilikuwa namba ishirini na nne.

— Samahanini wazee wangu, mlango wa kusini uko wapi? Nimetoka Akita, ndege imechelewa.

Refa alimwonyesha. Binti akaziona beji za Taulo, akasimama.

— Baba, na wewe ni wa Maeshiro! Mimi sijawahi kumwona ila kwenye simu. Hebu niambie, ana kwa ana, akiruka kurusha, yukoje?

Taulo alianza kuhesabu moyoni anayoyajua. Namba ya viatu vya Maeshiro anaijua. Supu anayopenda anaijua. Hata jina la mbwa wake analijua.

— Mwambie, Kamusi alisema.

— Siku zile mbili, Taulo alisema polepole, nilijifunika uso.

— Zote mbili? Refa aliuliza.

— Nilikuwa naogopa tutafungwa.

Refa alimtazama Kamusi. Kamusi alilisoma kopo lake la kahawa, mbele na nyuma. Lilikuwa tupu.

— Haya baba, mimi nawahi, binti alisema, akaburuta sanduku lake.

Taulo akasimama. Akalivua taulo shingoni, akamkabidhi Refa.

— Nishikie. Nikiwa nalo nitajifunika tena.

— Na tukifungwa?

— Tutafungwa nikiwa naona. Wee binti! Nisubiri!

Akaenda, beji zinalia. Refa alilipakata taulo kama mtoto wa watu. Ndani kelele zilipanda, wakasikia jina la Maeshiro likiitwa na ukumbi mzima, likapanda, likapanda. Halafu, ghafla, kimya. Hata pumzi haikusikika.

— Taulo ameshakaa, Kamusi alisema.