Simba Aliyefutika: Bi Doreen Staniforth Anastaafu

Kabla ya miaka na tarehe, naungama jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: simba wa kile kijiko nilimfuta mimi.

Bi Doreen anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, baada ya miaka arobaini na sita ya kukarabati vyombo vya fedha vya mezani katika karakana yetu hapa Sheffield. Alianza kwa kung'arisha uma. Siku hizi makumbusho humpigia simu yeye.

Hachoki kudadisi. Hupumulia birika kuukuu, na katika ule ukungu wa pumzi kiraka kilichofichwa hujitokeza. Kijiko hukitazama ncha kwanza. Kikiwa kimelika upande wa kushoto, mlaji alitumia mkono wa kulia. Kikilika kulia, hufurahi siku nzima. “Huyu alikuwa mashoto,” husema, “na mama yake alimgombeza mezani, nakwambia.”

Wiki yangu ya tatu hapa, alinipa vijiko sita vya chai vya miaka ya 1780, kazi ya fundi mjane aliyegonga herufi zake kando ya simba, ile alama inayothibitisha kwamba fedha ni halali. Nilitaka ving'are. Kimoja nilikikandamiza mno kwenye gurudumu la kung'arishia, na nilipokipangusa, simba alikuwa amebaki mkia.

Bi Doreen alikitazama kwa lenzi, kisha akanitazama mimi.

“Nyamaza, mwanangu. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Mimi nimebakiza miezi mitatu.”

Akaenda mwenyewe kwa Bwana Oxspring, mwenye karakana.

“Mkono umeteleza, bosi.”

“Wako, Doreen? Baada ya miaka yote hii?”

“Ulitaka uteleze lini, nikishastaafu?”

Tangu hapo mnamwita Muuaji wa Simba, naye hucheka pamoja nanyi. Mimi sijaweza. Bwana Oxspring akiniachisha kazi, sitalalamika, lakini iandikwe: katika miaka arobaini na sita, Bi Doreen Staniforth hakufuta alama hata moja.

Tunamshukuru kwa macho yake na subira yake. Tunamtakia asubuhi zisizo na haraka, chai ya moto, na vijiko vingi vya mashoto.

Nakala ya tangazo hili atakayopewa yeye nimeichapa kando, bila habari za simba. Kwa hiyo Ijumaa mtanieni kama kawaida, kateni keki, na tafadhali, asijue kwamba mnajua.